Tuzibue Madirisha: Wito kwa Watu wa Kilosa na Mikumi



Mkipata nafasi, fanyeni matembezi haya. Anzieni stesheni ya zamani ya Kilosa, mpite mitaa ya mjini, mteremke hadi karibu na Mto Mkondoa, kisha mshike njia ya kata ya Ulaya mpaka mtokee Mikumi, pale barabara kuu ya Iringa inapopita na malori yake. Njiani msitazame mapaa. Mapaa yetu siku hizi hayana neno, bati zinang'aa kila kona. Tazameni madirisha. Hesabuni yaliyo wazi, kisha mhesabu yaliyozibwa.

Mtaona tofali zilizopangwa kwenye tundu la dirisha na kubandikwa kwa udongo. Mtaona bati kuukuu lililopigiliwa misumari, kiroba cha mbolea, turubai, mabanzi. Nyuma ya kila kizibo kuna chumba, na ndani ya chumba yuko mtu anayewasha taa saa nne asubuhi ili atafute kiatu.

Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Nyumba niliyokulia ilikuwa na dirisha la namna hiyo. Baba alifika kwenye linta pesa zikiwa zimekwisha, na masika ilikuwa mlangoni.

"Fundi, ziba kwanza hapo," akasema.

"Kwa muda, mzee?"

"Kwa muda tu."

Muda huo ulidumu miaka kumi na moja. Mama alikuwa mshonaji. Kila asubuhi alitoa cherehani nje, akakiweka chini ya mwembe, kwa sababu ndani hakuona tundu la sindano. Mvua ikianza kudondoka sote tulikimbia: mmoja na cherehani, mwingine na kiti, mwingine na nguo za watu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ukuta ule ulikuwa na dirisha. Tulikuwa tumekwisha kulisahau.

Ndiyo maana naandika wito huu. Tuzibue madirisha yetu. Na wale ambao bado hawajaanza kujenga, nawaomba dirisha walipange kabla ya msingi.

Kwa nini dirisha huachwa nyuma

Wengi wetu hatujengi kwa mkopo wa benki. Tunajenga kidogo kidogo. Mavuno ya mahindi au ufuta yakiuzwa, tunafyatua na kuchoma tofali. Mwaka unaofuata tunainua kuta, kisha tunatafuta bati. Tukishaezeka tunahamia, maana kodi ya kupanga inauma na nyumba isiyo na mtu huibiwa hata milango. Hapo ndipo dirisha linapodhulumiwa. Limewekwa mwisho wa foleni, na foleni inapofika kwake mfuko umekauka. Mlango hausubiri, kwa hiyo unanunuliwa. Dirisha linazibwa "kwa muda".

Wazee walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeshika mafundisho yao vizuri mno, hata dirisha tumelihesabu kuwa ufa. Ufa ni kosa la ukuta. Dirisha ni sehemu ya ukuta iliyopewa kazi nyingine.

Tukumbuke pia kwamba vidirisha vidogo tulivyorithi vilikuwa na sababu zake. Tembe za Wakaguru na majirani zao Wagogo, upande wa Gairo na kuendelea, zilikuwa na kuta nene na matundu machache, maana walioishi humo walijilinda na maadui, wanyama na baridi ya usiku. Kuta za udongo na paa la udongo ziliweka ndani ubaridi mchana kutwa. Sisi tumebadilisha paa, tumeweka bati linalochemka kuanzia saa tano asubuhi, lakini vidirisha tumevibakiza vilevile. Tumechukua nusu ya hekima yao, tukaacha nusu. Matokeo yake mnayajua: Novemba, kabla mvua haijatulia, mtu analala barazani kwa sababu chumbani hakulaliki.

Kazi ambayo dirisha linaifanya

Dirisha lililo wazi linatufanyia kazi nne bila kudai mshahara.

Kwanza, linaleta mwanga. Mtoto anayesoma karibu na dirisha saa kumi jioni hahitaji kutumia uniti za LUKU, wala chaji ya sola ambayo familia inaitunza kwa ajili ya usiku. Anayechambua mchele, anayeshona, anayemkagua mtoto mwenye upele, wote wanahitaji kuona. Umeme ni neema, lakini hakuna sababu ya kununua mchana wakati tunapewa bure.

Pili, linatoa hewa chafu. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa anayekohoa ndani ya chumba kilichozibwa huwaachia wenzake hewa ileile waivute tena na tena. Wahudumu wa afya huhimiza kufungua madirisha kwa sababu hiyo. Moshi wa jikoni nao, kwa wanaopikia kuni au mkaa ndani wakati wa mvua, unahitaji njia ya kutokea. Usipoipata hukaa kifuani mwa mama na mtoto aliye mgongoni. Na mkaa una sumu isiyoonekana wala kunuka, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba cha kulala, liwe linawaka au linaelekea kuzimika, hata dirisha likiwa wazi.

Tatu, linakausha nyumba. Watu wa Kilosa hatuhitaji kufundishwa kuhusu maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, Mkondoa ulitoka kwenye njia yake, ukabomoa nyumba, ukakata reli, na maelfu ya ndugu zetu wakajikuta kwenye mahema. Nyumba zilizobaki zimesimama zilikuwa zimelowa hadi juu. Tofali la kuchoma hunywa maji kama sifongo, na haliyatoi mpaka upepo upite pande zake zote mbili. Nyumba yenye madirisha yanayotazamana hukauka mapema. Iliyozibwa hubaki na unyevu, ukuta ukaota ukungu, plasta ikabanduka, godoro likanuka, kifua cha mtoto kikaanza kulia. Dirisha halizuii mafuriko. Kinachotuepusha na mafuriko ni kutojenga kwenye njia ya mto. Lakini baada ya mafuriko, hata baada ya masika ya kawaida tu, dirisha ndilo linaloirudisha nyumba kuwa nyumba.

Nne, linapoza joto. Upepo haukai ndani ya chumba chenye tundu moja. Unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Ndiyo maana madirisha mawili madogo kwenye kuta mbili yanafaa kuliko moja kubwa kwenye ukuta mmoja.

Lipangwe kabla ya msingi

Kwa anayetaka kujenga, hesabu zenyewe ni rahisi, zinafanyika kwa kijiti kwenye vumbi.

Mafundi wana kipimo cha siku nyingi: eneo la dirisha lisipungue sehemu ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina futi za mraba 120. Kwa hiyo dirisha lake lisiwe chini ya futi za mraba 12, yaani futi 3 kwa 4. Hicho ni kiwango cha chini. Futi 4 kwa 4 ni bora zaidi, hasa ukifunga wavu wa mbu, maana wavu hupunguza upepo. Angalieni mtego mmoja hapa. Dirisha la kuslaidi la futi 4 kwa 4 linaonekana kubwa, lakini kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo linafunguka nusu tu, futi za mraba 8. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Unapolipia, uliza linafungukaje, usiulize tu lina upana gani.

Hesabu ya pili ni ya jua. Kilosa na Mikumi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, na mwezi Desemba linakuwa karibu utosini likiegemea kusini kidogo. Maana yake ni kwamba madirisha ya kaskazini na kusini yanakingika kwa urahisi. Upenu wa futi 2 unalipatia dirisha la kaskazini kivuli cha karibu futi tatu na nusu adhuhuri ya Juni. Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Jua la huko huja likiwa chini, linapenya chini ya upenu na kutua kitandani. Chumba cha magharibi mwezi wa kumi ni tanuri.

Sisi lakini tuna mazoea ya kuielekeza nyumba barabarani, barabara iwe imelala vyovyote vile. Mikumi hasa, kila mtu anataka uso wa nyumba utazamane na barabara kuu. Si vibaya. Ila mlango unaweza kutazama barabara huku madirisha makubwa ya kulala yakitazama kaskazini na kusini. Na kama kiwanja hakikupi nafasi hiyo, weka baraza upande wa magharibi, au panda mwembe au mwarobaini. Mti ni pazia ambalo halifuliwi.

Hesabu ya tatu ni ya maji ya mvua. Kizingiti cha chini cha dirisha kiinamie nje, kitokeze inchi mbili hivi kutoka ukutani, na chini ya ukingo wake fundi achore kijifereji chembamba kwa ncha ya mwiko. Maji yakifika kwenye kijifereji hudondoka, hayarudi kulamba ukuta. Kazi hiyo ni ya dakika chache saruji ikiwa mbichi. Ukiisahau, utaona michirizi myeusi chini ya kila dirisha, na baada ya misimu michache tofali zinaanza kumeguka pale pale.

Lipi litadumu?

Hapa ndipo ubishi wa vijiweni unapoanza. Mmoja anasema aluminiamu, mwingine mbao, mwingine chuma. Jibu langu ni kwamba kila kimoja kinadumu kikifanywa sawasawa, na kila kimoja ni hasara kikifanywa kwa haraka.

Aluminiamu haiozi, mchwa hawaitaki, haihitaji rangi. Lakini zipo fremu nyepesi zinazopinda ukizibana kwa kidole gumba. Muulize fundi akuonyeshe kipande kilichokatwa, uone unene wake. Sukuma kioo uone kama magurudumu yanateleza. Tafuta vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini, maana visipokuwapo mvua ya upepo itamwagikia ndani. Na kwa dirisha pana usikubali kioo chembamba cha milimita 3. Uliza cha 5. Vioo vya giza navyo tuviangalie vizuri: watu wanalipa zaidi ili wapate dirisha, kisha wanalipa umeme ili wapate mwanga. Kioo cheupe chini ya upenu mzuri kinatosha.

Chuma ni imara, lakini adui yake ni kutu, na kutu huanzia chini, pale maji yanapotuama. Kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo upake rangi ya mapambo. Mwenye kuruka hatua ya katikati atairudia kazi yote.

Mbao ndizo zinazonigusa zaidi, kwa sababu ni zetu. Mninga, mkongo na mtiki hutoa fremu ambayo mjukuu ataikuta, kwa masharti mawili. La kwanza, iwe kiini cha mti, si ile mbao nyeupe ya pembeni ambayo wadudu huipenda kama ugali. La pili, iwe imekauka. Fremu ya mbao mbichi huonekana nzuri siku ya kufungwa, na miezi sita baadaye imejikunja, komeo halikutani na tundu lake, mwanga unapita pembeni. Kuijua mbao kavu hakuhitaji mashine. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, chagua ubao mmoja uupime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito unapoacha kushuka, mbao zimekauka.

Na zitoke wapi? Watu wetu wakisema kitu ni bora husema "kimetoka Ulaya". Sisi tuna bahati ya pekee, maana Ulaya yetu iko hapa hapa, njiani kati ya Kilosa na Mikumi. Kupitia mradi ulioanza mwaka 2012, vijiji vya wilaya yetu kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vilianza kuvuna misitu yao kwa mpango, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA), kwa ufadhili wa Uswisi. Walianza na mkaa. Msitu uligawanywa vitalu vidogo kama ubao wa drafti, kimoja kinavunwa na jirani yake anaachwa, na mzunguko mzima ukapangwa kuchukua miaka 24 ili visiki vichipue na miti irudi. Mapato yalibaki kijijini, yakasaidia mambo ya wote kama madarasa na maji.

Hilo ndilo funzo ninalotaka tulichukue hadi kwenye dirisha. Mbao ya magendo ni rahisi leo, ila inamnyang'anya mjukuu fremu yake. Ukinunua mbao, dai risiti na uangalie alama ya nyundo ya misitu. Mbao iliyovunwa kwa kibali msituni mwa kijiji hukulipa mara mbili, kwa dirisha lako na kwa dawati la mtoto wa kijiji.

Najua mnaogopa nini

Mtaniambia: wezi. Ni kweli. Ndiyo maana tunafunga nondo, na wakazi wa kando ya Hifadhi ya Mikumi wanazifunga pia kwa ajili ya nyani, ambaye haogopi pazia na anaujua mfuko wa unga ulipo. Nondo ziwepo. Lakini nawasihi, katika kila chumba cha kulala dirisha moja liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, kwa bawaba na kufuli, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua, mbali na mkono wa anayepita nje. Moto ukishika sebuleni usiku, nondo zisizofunguka hugeuza chumba kuwa kaburi. Namba ya Zimamoto ni 114, ila kabla gari halijafika, dirisha ndilo mwokozi wa kwanza.

Mtaniambia: mbu. Hili ni kubwa, nami silipuuzi. Mbu wa malaria huingia usiku kupitia madirisha, milango na ule uwazi kati ya ukuta na paa. Dawa yake ni wavu. Kuziba kwa tofali hakumzuii, maana ataingilia juu ya ukuta na akutoe jasho pamoja na damu. Katika kijiji cha Magoda, Muheza, watafiti walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia wadudu. Mbu walioingia walikuwa wachache zaidi kuliko kwenye nyumba za kawaida, na ndani kulikuwa na ubaridi zaidi. Baadaye, mkoani Mtwara, zikajengwa 110 kwa mawazo hayohayo. Funzo ni kwamba hewa na kinga ya mbu si maadui. Weka wavu dirishani, weka wavu kwenye matundu ya juu, na chandarua kiendelee kuning'inia kitandani.

Mtaniambia: watu watachungulia. Waliotutangulia Pwani walishalitatua hili. Tembeeni Mji Mkongwe wa Zanzibar muone mbao za madirisha zilizopangwa kwa vipapi vilivyolala upande: upepo unapita, aliye ndani anamwona wa nje, na wa nje haoni kitu. Seremala wa Kimamba au Ruaha anaweza kuzitengeneza. Na kwa chumba kinachopakana na njia, inua dirisha juu ya kichwa cha mpita njia. Mwanga wa juu huingia ndani zaidi chumbani.

Mtaniambia, mwisho, pesa. Hapo ndipo wito wenyewe ulipo.

Tufanye hivi

Kwanza, tusizibe tena kwa tofali. Pesa ikiwa haitoshi kwa vioo, tuweke dirisha la mpito: fremu ya mbao mbili kwa nne, wavu uliobanwa kwa papi, na ubao wa kufunga na kufungua wenye bawaba mbili na komeo. Vioo vitakuja siku yake, na fremu itakuwa inavisubiri. Dirisha la mpito linaleta hewa na mwanga kuanzia jioni ya siku lilipofungwa.

Pili, yaliyozibwa tuyazibue. Tofali nyingi za kuzibia zilibandikwa kwa udongo, zinatoka kwa nyundo na patasi asubuhi moja. Tahadhari moja tu: hakikisheni kuna linta juu ya tundu. Pale palipopangwa dirisha tangu mwanzo kwa kawaida ipo. Ukitaka kutoboa mahali papya, usiguse ukuta kabla fundi hajaja kuangalia.

Tatu, akina mama wa vikoba na michezo ya mtaa, nawaomba ninyi hasa. Mmetununulia sufuria, vitenge, ada za shule na bati. Anzisheni mchezo wa madirisha. Watu kumi, kila mwezi mmoja anapata dirisha lake lililokamilika, fremu, wavu na ubao. Fundi akijua ana kazi kumi mfululizo atapunguza bei, na mbao zikinunuliwa pamoja zitakuwa nafuu. Miezi kumi, mtaa mzima unaona.

Nne, vijana wetu mliopitia VETA, ya Mikumi na kwingineko, na mafundi mliojifunzia kazini. Mwenye nyumba akisema "ziba kwanza hapo", msiitikie upesi. Mwambieni, "Mama, kwa gharama ya nusu siku naweza kukuwekea la mpito." Anayetoa ushauri wa namna hiyo hubaki na mteja mpaka ghorofa.

Tano, viongozi wetu wa vitongoji, vijiji na mitaa, waheshimiwa madiwani, halmashauri na Mji Mdogo wa Mikumi. Tunapoitwa kwenye msaragambo kuinua maboma ya madarasa na zahanati, tunakuja na tofali zetu na jasho letu. Tunaomba madirisha yawe kwenye hesabu ya kwanza, siku ileile ya kuhesabu tofali. Na ramani inapoletwa kupata kibali cha ujenzi, tuulizwe jua linatokea upande gani wa nyumba hiyo. Swali moja la mhandisi mezani linaokoa miaka thelathini ya joto.

Sita, ninyi mlio Dar es Salaam, Dodoma na mbali zaidi, mnaojenga nyumbani kwa wazazi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imetusogeza, mnakuja Kilosa asubuhi mkiwa mmekaa karibu na dirisha pana la behewa, mnapiga picha milima. Mkifika, kaeni kidogo chumbani kwa mama mchana, mlango ukiwa umefungwa, taa imezimwa. Mkishindwa kusoma ujumbe wa simu bila mwanga wa simu yenyewe, basi geti la mapambo lisubiri. Dirisha la mama litangulie.

Nasi nyumbani tulilizibua letu. Ilikuwa Jumamosi, kaka yangu na nyundo, mimi na karai. Tofali zilitoka arobaini na kitu. Vumbi lilipotulia, mama aliingia, akasimama katikati ya chumba chake mwenyewe akikitazama kama mgeni. Hakusema neno. Alitoka nje, akakibeba cherehani chake kutoka chini ya mwembe, akakiweka chini ya dirisha, akatunga uzi kwenye sindano mara moja, bila kuulamba mara mbili mbili.

Tofali zile hatukuzitupa. Tulizijengea kibaraza cha kukalia, nje, chini ya dirisha lilelile. Jioni majirani huja kukaa pale, na mama huzungumza nao huku anashona. Karibuni mkipita. Mkiona kwenu kuna tofali za namna hiyo, mnajua la kuzifanyia.